Chama kahama, chama limebaki

Julai 2024 mjomba wangu alipokea ujumbe wa maneno mawili kwenye simu: "Chama kahama." Mjomba ni mtu wa siasa za tawi tangu zamani, na kwa mtu wa aina yake neno chama likisimama peke yake lina maana moja tu. Nilikuwa nimekaa naye barazani. Aliusoma ule ujumbe, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kahama. Basi ni mtu." Siku hizo hakuwa akifuatilia habari za usajili. Hakujua kwamba Clatous Chama, kiungo wa Zambia aliyekuwa ameichezea Simba kwa vipindi viwili, amevuka mtaa kwenda Yanga. Alichokuwa nacho mkononi ni silabi moja, ka-, na ilimtosha kutambua kwamba habari hiyo haihusu ofisi yoyote yenye bendera mlangoni. Chama cha siasa hakiwezi kuhama kwa ka-. Kingehama kwa ki-.

Kisa hicho hunijia kila ninaposikia watu wakilalamika kwamba Kiswahili cha mpira kimeharibika. Madai yao nayajua: vijana wanachanganya majina na maneno, kila kitu wamekigeuza msemo, hujui tena mtu anazungumzia nini. Mimi ninachokiona ni kinyume chake. Neno chama, midomoni mwa mashabiki wa Dar es Salaam, limebeba mizigo mitatu kwa wakati mmoja, na mmoja kati ya hiyo ni jina la mtu aliyezaliwa nchi nyingine. Miaka yote aliyocheza hapa sijawahi kuona mashabiki wawili wakikosana kwa sababu mmoja alidhani mwenzake anasema kingine. Kinachowaokoa ni zile ngeli tulizozikariri darasani bila kujua zitatufaa wapi.

Tuanze na chama cha kawaida, cha ki- na vi-. Tanzania neno hili lina uzito wa pekee. Tangu tarehe 5 Februari 1977, TANU na ASP zilipoungana kuwa Chama Cha Mapinduzi (CCM), kusema "Chama" peke yake, hasa katika miaka ya mfumo wa chama kimoja, kulitosha kueleweka. Ukivuka mpaka kwenda Kenya, neno lilelile linakupeleka kwingine kabisa: chama ni kikundi cha kuweka akiba, watu wanaokutana mwisho wa mwezi, wanachanga, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Na ndani ya mpira wenyewe neno lina ofisi yake. Kwa miaka mingi chombo kinachosimamia soka Tanzania kiliitwa FAT, yaani chama cha mpira, kabla ya kuwa shirikisho, TFF. Mikoani hadi leo tuna vyama vya soka vya mkoa na wilaya. Hivi vyote ni ki-. Chama kimekutana, chama kimetoa tamko, chama kimewafungia.

Halafu kuna chama cha kijiweni, ambacho nikikiandika hivyo nimeshakosea, kwa sababu cha kijiweni si cha, ni la. "Chama langu." "Chama letu linacheza lini?" "Chama la wana." Hapa chama ni timu, ile unayoipenda, inayokunyima usingizi. Stand United ya Shinyanga, iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, ilijulikana nchi nzima kwa jina la Chama la Wana, na sijawahi kumsikia shabiki wake akisema Chama cha Wana. Angesema hivyo, ungedhani wana wamesajili jumuiya na wanatafuta katibu.

Wa tatu ni Chama mwenyewe, mwenye miguu. Jina lake limezaliwa Zambia, ambako ni jina la kawaida la watu, hasa Wabemba, na kuna hata wilaya mashariki mwa nchi hiyo inayoitwa Chama. Halikuja hapa kutafuta maana. Lilifika 2018 mgongoni mwa jezi nyekundu, likakuta viti viwili vya jina hilohilo vimeshakaliwa, likatafuta cha tatu.

Na kiti kilikuwepo. Chukua sentensi hii ya kutunga: "Chama kalibeba chama, na chama kimempongeza." Mtu asiyejua Kiswahili akisikia anasikia neno moja likigongwa mara tatu. Anayejua hahitaji maelezo. Ka- ni mtu. Li- iliyojificha ndani ya kalibeba ni timu. Ki- ni ofisi. Sentensi ina maneno matano ukiacha na, matatu kati yake yanafanana kama mapacha, na bado kila mmoja anajulikana kwa nguo aliyovaa. Ukiisoma gazetini, herufi kubwa itakusaidia kidogo. Ukiisikia redioni, huna herufi kubwa. Una upatanisho tu, na unatosha.

Jambo hili la li- linanivutia kuliko yote, kwa hiyo niruhusiwe kukaa hapo. Kiswahili kina desturi ya zamani ya kuchukua neno na kulihamishia kwenye ngeli ya li- na ya- ili kulikuza. Mtoto anakuwa toto, nyumba inakuwa jumba, mtu anakuwa jitu. Wakati mwingine ukubwa huo ni dharau. Vijana wa mjini wameuchukua mlango huohuo wakaufanya wa sifa. Ngoma nzuri ya muziki ni goma. Kitu cha kuvutia ni bonge la kitu. Bao tamu ni bonge la bao. Ngeli iliyokuwa ikitumika kumwambia mtu kwamba ana domo kubwa sasa ndiyo ya kumwambia kwamba ana kitu kikubwa.

Lakini tazama kilichotokea kwa chama. Kwenye ngoma, vijana walikata kichwa cha neno: n ikatoka, ikabaki goma. Kwenye mtoto walikata m. Chama hawakukikata. Neno limebaki zima, herufi tano zilezile, na kilichobadilika ni kila kitu kinacholizunguka: langu badala ya changu, limefungwa badala ya kimefungwa, chama kubwa badala ya chama kikubwa. Ni kama mtu aliyehama nyumba bila kubadilisha sura, anayejulikana kwa majirani zake wapya. Wingi wake hausikiki sana, na naona sababu yake: vyama vya siasa unaweza kuvihesabu, ila chama la mtu huwa ni moja. Anayetaja mawili anatazamwa vibaya.

Kwa nini timu iitwe chama hata kidogo, wakati timu yenyewe ni neno zuri? Kwa sababu timu ni ya kila mtu anayetazama, na chama lina wenyewe. Yanga ilianza 1935, Simba 1936, na zote zilikua kama klabu za wanachama: kadi, ada, matawi, mkutano mkuu, uchaguzi unaoweza kumaliza urafiki wa watu wazima. Shabiki wa hapa hasemi tu kwamba anaipenda Yanga, anasema "mimi ni mwana Yanga," kama anavyosema yeye ni mtoto wa fulani. Mtu wa namna hiyo akisema "chama langu" hatii chumvi. Kadi anayo mfukoni. Neno la siasa lilikuwa tayari mikononi mwake, pamoja na tabia zake zote, na alichokifanya ni kulivalisha ngeli nyingine ili mapenzi yake ya Jumamosi yasigongane na kura yake ya kila miaka mitano.

Sasa mtu akaja na jina hilo, na akacheza vizuri. Hilo la pili ni muhimu, kwa sababu jina la mchezaji wa benchi haliisumbui lugha. Desemba 2018 Simba ilikuwa imefungwa 2–1 na Nkana kule Kitwe, Zambia, nyumbani kwa Chama mwenyewe. Marudiano Dar es Salaam, dakika za mwisho, Simba ikiwa mbele 2–1 na mechi ikielekea kwingine, Chama aliusukuma mpira wavuni kwa kisigino. Ikawa 3–1, Simba ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Miezi mitatu baadaye, 16 Machi 2019, ilikuja AS Vita ya Kinshasa, ambayo mwezi Januari ilikuwa imeifunga Simba mabao 5 bila huruma. Mohamed Hussein, yule ambaye mashabiki humwita Tshabalala, akasawazisha, na dakika ya 90 Chama akafunga la pili. Simba ikaenda robo fainali. Na 18 Machi 2023, siku ile ya 7–0 dhidi ya Horoya ya Guinea, matatu yalikuwa yake.

Mtu wa namna hiyo anatajwa kila siku, kwenye daladala, kwenye saluni, kwenye vipindi vya redio vya asubuhi vinavyochambua mechi hadi ugali wa mchana. Ndipo neno linapopimwa. "Chama leo anaanza?" "Chama leo linaanza na nani?" Maswali mawili, tofauti yake ni sauti mbili ndogo mwanzoni mwa kitenzi, yakiulizwa kwa kasi na watu wenye kelele. Yanaeleweka.

Lile bao la kisigino linanipa swali jingine. Tarehe 27 Mei 1987, Vienna, fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya, Rabah Madjer wa Algeria aliifungia FC Porto kwa kisigino dhidi ya Bayern Munich. Porto ilishinda 2–1, na tangu siku hiyo Wafaransa wakiona bao la kisigino huliita madjer. Jina la mtu likawa jina la tendo. Kwa nini kisigino cha Chama hakikuzaa neno kwetu? Mtu anaweza kujibu kwamba Vienna ilitazamwa na dunia na Dar es Salaam ilitazamwa na sisi. Jibu hilo ni la kweli nusu. Nusu ya pili iko ndani ya Kiswahili: kwetu tendo la uwanjani kwa kawaida halipewi jina la mtu. Tunalipa jina la kitu cha nyumbani.

Fikiria maneno yenyewe. Mpira ukipitishwa juu ya kichwa cha beki na kumshukia mgongoni, amevishwa kanzu. Ukipita katikati ya miguu yake, kapigwa tobo. Mchezaji anayeuchezesha mpira juu ya mguu bila kudondoka anapiga danadana. Penalti ni mkwaju, ile fimbo ambayo wengi wetu tuliijua kwa mgongo kabla ya kuijua kwa macho. Kanzu iko kabatini, tobo liko kwenye paa, mkwaju uko mtini. Mtu aliyeanza kuvitaja vitu hivi uwanjani hakuhitaji kumjua mchezaji yeyote maarufu. Alitazama kilichotokea, akatazama nyumbani kwao, akaona vinafanana.

Kwa hiyo majina ya watu yanapoingia kwenye Kiswahili cha mpira, huingia kwa mlango mwingine, na mlango huo ni neno akina. "Tunahitaji akina Chama wawili katikati." Hapo Chama si yule mwenye jezi tena. Ni aina ya mchezaji, mwenye jicho la pasi, asiye na haraka, anayeweza kupotea dakika themanini na kukulipa deni lako lote kwa dakika moja. Jina limeshakuwa neno la kawaida, lakini halijahamia kwenye vitu. Limebaki kwa watu, kwenye a- na wa-, na akina ndiyo iliyolifungulia wingi.

Mfano bora wa hilo ni Makelele. Claude Makélélé alizaliwa Kinshasa, jiji hilohilo la AS Vita, mwaka 1973, akakulia Ufaransa, akapita Nantes, Marseille na Celta Vigo hadi Real Madrid, kisha 2003 akaenda Chelsea. Msimu wa 2004/05 Chelsea ilitwaa ubingwa wa Uingereza ikiwa imefungwa mabao 15 tu katika mechi 38, huku yeye akiwa amesimama mbele ya mabeki kama mlinzi wa geti anayejua majina ya wapangaji wote. Waingereza wakaipa nafasi ile jina lake. Hata huku kwetu, ambako namba sita ilikuwa na jina lake tangu zamani, kiungo mkabaji, watu walianza kusema "tunamtafuta Makelele wetu."

Ila kwetu jina hilo lilikuwa na historia kabla ya mtu huyo kugusa mpira. Makelele ni kelele nyingi. Kilingala kinalo neno hilohilo kwa maana hiyohiyo. Ina maana kwamba neno lilianza kama sauti za watu, likawa jina la ukoo mmoja Kongo, likazunguka Ulaya, likarudi kwetu likiwa jina la kazi. Na kazi yenyewe, tazama, ni ya mtu asiyesikika: anakata njia, anapora mpira, anampa mwenzake pasi ya mita tano, anarudi mahali pake. Mtangazaji wa redio anaweza kukaa robo saa bila kumtaja. Sioni mchezaji mwingine duniani ambaye jina lake na kazi yake vimepishana kiasi hicho, na ni wasemaji wa Kiswahili na Kilingala peke yao wanaoweza kulisikia hilo bila kuelezwa.

Hata hapa ngeli haijalala. "Makelele yamezidi" ni ombi la kupunguza sauti. "Makelele kazidiwa" ni habari ya katikati ya uwanja.

Kuna jina moja tu la mtu ambalo naona limevuka likawa kitu kamili katika Kiswahili cha sasa, nalo ni panenka. Tarehe 20 Juni 1976, Belgrade, fainali ya mataifa ya Ulaya, Antonín Panenka wa Chekoslovakia alikimbilia penalti ya mwisho kama mtu anayetaka kuupasua wavu, kipa Sepp Maier wa Ujerumani Magharibi akaruka upande, na mpira ukaelea taratibu katikati ya goli. Leo vijana wetu wanasema "kapiga panenka," na wanasema "panenka imegonga mwamba," kwa i-, ngeli ya vitu vilivyotoka nje kama penalti na kona. Panenka mwenyewe angekuwa a-. Na kwa Kicheki, panenka lilikuwa neno la kawaida kabla ya kuwa jina: ni mwanasesere. Safari ileile ya Makelele: neno, mtu, neno tena.

Kabla hatujadhani kwamba haya yameletwa na wageni, tukumbuke Simba. Hili tumeishi nalo tangu 1971, Sunderland ya Msimbazi ilipobadilisha jina. Simba ni mnyama, ni klabu, na ni jina la watu: Iddi Simba na Sophia Simba waliwahi kuwa mawaziri wa nchi hii. Mhariri wa habari wa miaka hiyo alikuwa na kazi ngumu na aliifanya kwa herufi mbili. "Simba yaua" ilikwenda ukurasa wa michezo. "Simba aua" ilikwenda kwa mwandishi wa mkoa, kuna ng'ombe wamekufa. "Simba ateuliwa" ilikwenda ukurasa wa mbele. Hakuna aliyehitaji mabano wala maelezo. Na shabiki akitaka klabu yake ipate uhai wa mnyama, anabadilisha jina kwanza, anaiita Mnyama, ndipo anaipa a-: "Mnyama anaunguruma leo."

Kenya nao wana Gor Mahia, klabu ya 1968 inayobeba jina la mganga mashuhuri wa Waluo. Gor ilishinda jana, lakini Gor alikuwa mtu wa maajabu. I- na a-, vizazi viwili, jina moja.

Nisije nikaonekana nauza dawa inayotibu kila ugonjwa. Kuna neno moja ambapo upatanisho unashindwa kabisa, nalo ni nahodha. Lilitoka Uajemi likipitia kwa Waarabu, likiwa na maana ya bwana wa chombo, likashika pwani yetu kwa karne nyingi kwa wakuu wa majahazi. Kisha mpira ukalichukua: anayevaa kitambaa mkononi ni nahodha. Na Zanzibar ni jina la mtu. Shamsi Vuai Nahodha alikuwa Waziri Kiongozi kuanzia 2000 hadi 2010. Sasa sema "Nahodha amewasili uwanjani." Mkuu wa jahazi ni a-, mchezaji ni a-, waziri ni a-. Ngeli haina la kusema, kwa sababu wote watatu ni watu, na Kiswahili huwaweka watu wote kwenye benchi moja. Hapo inabaki herufi kubwa kwa msomaji, na kwa msikilizaji inabaki kuuliza.

Kwa hiyo nguvu ninayoisifu ina mpaka. Inafanya kazi pale jina la mtu linapokutana na kitu. Chama lilikuwa na bahati hiyo.

Na sasa lalamiko langu, ambalo ndilo lililonikalisha kuandika. Waandishi wa michezo wa mtandaoni, na hata baadhi ya wasimamizi wao, wameanza kuionea aibu li-. Nimesoma mara nyingi "mashabiki wa chama hicho" ikimaanishwa timu, kwa sababu mwandishi alianza na neno la kijiweni, kisha mwalimu wake wa darasa la sita akamjia kichwani, akarudi kwenye ki- katikati ya sentensi. Matokeo yake si Kiswahili sanifu wala cha mtaani. Ni sentensi ambayo msomaji anasimama kuiuliza: chama kipi, cha soka au cha siasa? Ukitaka usanifu, andika timu. Ukitaka chama, andika chama na ulivalishe li- yake yote, tangu mwanzo hadi nukta. Wapo pia wanaokata kitenzi kabisa ili kichwa cha habari kitoshe kwenye skrini ya simu: "Chama, Yanga mambo safi." Siku Chama alipovaa kijani na njano ya Jangwani, ambazo ni rangi za CCM pia, kichwa cha namna hiyo kilikuwa kinaomba kusomwa vibaya. Kitenzi kimoja chenye ka- au a- kingetosha.

Programu za kutafsiri nazo zinaanguka hapohapo. Nimewahi kuipa moja sentensi iliyosema Chama ataanzia benchi, nikarudishiwa kwa lugha ya kigeni habari za chama cha siasa kinachoanzia benchi. Mashine iliona neno, haikuitazama a-. Mtoto wa darasa la pili Mbagala asingelifanya kosa hilo. Ndiyo maana nasema tusiruhusu waandishi wetu kuiga uvivu huo. Wanachokikata ili kupunguza herufi ndicho pekee kinachotenganisha watu na vitu.

Mara nyingine, nakiri, hata mashabiki wenyewe hukiacha kitenzi, na hapo siwalaumu. Zile siku za mabao, uwanja mzima ulikuwa ukiimba "Chama! Chama! Chama!" bila ka-, bila li-, bila chochote mbele wala nyuma. Aliyekuwa akimwita mtu na aliyekuwa akiliita chama lake walikuwa wakiimba neno moja kwa pumzi moja, na sikuona aliyetaka kuwatenganisha.

Mwezi uliopita nilimpeleka mjomba kwenye kibanda umiza kutazama mechi. Mlangoni kijana anayepokea hela alimtazama, akaiona ile kofia yake ya siku zote, akauliza kwa heshima, "Shikamoo mzee. Chama gani?" Gani ni neno lisilo na ngeli. Linakaa vilevile kwa watu na kwa vitu, kwa hiyo swali lile lilikuwa wazi pande zote, na kwa sekunde moja watu wawili watatu waliokuwa kwenye foleni walinyamaza wasikie mzee atasema nini.

"Marahaba," mjomba akasema, akihesabu sarafu. "Langu lipo Msimbazi."